Aanze Bena

Juzi niliingia duka la vifaa vya ujenzi pale mjini Sumbawanga kununua koki ya jikoni, nikamkuta mwenye duka anasugua koki za shaba kwa kitambaa. Harufu ile ikanikaba. Ni harufu ya dawa ya kung'arishia shaba, kali, inapanda puani halafu inakataa kutoka kooni. Mwenye duka akaniuliza, "Mama, vipi, uko salama?" Nikamjibu niko salama, nikatoka bila koki. Mpaka leo jikoni kwangu maji yanadondoka, na sijarudi dukani kwa yule bwana.

Wenzangu mliosoma shule yenye bendi mnanielewa. Shule yetu ya Mollo ilikuwa na stoo nyuma ya ofisi ya mwalimu mkuu, na humo ndani vilikaa vyombo vilivyoachwa na watu wa zamani: tarumbeta, tromboni lililopinda, ngoma kubwa iliyotobolewa na panya, na matoazi mawili yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Miaka mingi stoo ilikuwa haifunguliwi. Kisha akaletwa Mwalimu Kombo kutoka pwani, mtu mwembamba aliyevaa makoti mawili kwa mpigo kwa sababu ya baridi yetu, akasema bendi itafufuka. Watakaochaguliwa watapewa soksi nyeupe na watapanda lori kwenda kupiga Chala na Namanyere. Kwa mtoto wa Mollo wa wakati ule, Namanyere ilikuwa ng'ambo. Tukawehuka.

Mimi na Bena tulizaliwa pacha. Mimi, Skola, nilitangulia, naye akafuata baada ya muda uliomtosha bibi kuchemsha maji mengine. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyetupokea, na tangu siku hiyo alijipa kazi ya kusawazisha mambo. Kwa kuwa mimi nilimtangulia mwenzangu kuiona dunia, vingine vyote aanze Bena. Kunawa, aanze Bena. Kumega ugali, aanze Bena. Gauni jipya likishonwa, kwanza livaliwe na Bena. Na chochote alichopewa mmoja, sharti mwingine apewe, hata kama ni fimbo. Niliwahi kuchapwa kwa chungu alichovunja Bena, ili tusipishane. Nilipolalamika, bibi akaniambia nishukuru kwamba hakikuwa mtungi.

Majirani walizijua sheria za nyumba yetu. Mtu akija na andazi moja, alilikata mlangoni kabla hajaingia. Wazee wetu wa Ufipa hawakuwachukulia pacha kuwa watoto wa mchezo. Ukimpa mmoja ukamnyima mwingine, bibi alisema, aliyenyimwa ataugua, na asipopewa chake ataondoka. Aliyasema hayo huku akipepeta ulezi, kwa sauti ile ile ya kusema kesho kutakuwa na upepo. Mimi kwa akili yangu ya kitoto nikaongeza la kwangu. Niliamini kwamba mimi na Bena tuligawiwa uhai mmoja, uko mahali fulani katikati yetu, na kila nikifurahi mimi kupita kiasi ninauvutia kwangu, yeye unampungukia. Kwa hiyo nilikuwa mtoto wa kucheka nusu. Watu walidhani nina adabu.

Tarumbeta ilikuwa tamaa ya Bena, si yangu. Mimi nilitaka soksi. Bena ndiye aliyekata mabua ya majani ya maboga shambani kwa bibi, akayachanja upande mmoja, akanifundisha kupuliza mpaka bua litoe mlio wa ndama aliyepotelewa na mama yake. Tulipuliza njia nzima ya kwenda shule. Midomo ilivimba. Yeye alikuwa hodari kunishinda, isipokuwa kifua chake kilikuwa kibovu tangu utotoni, na upepo wa miezi ya baridi ukianza kufagia uwanda wetu alikuwa analala ameketi. Hakujali. Aliniambia, "Mimi nitapiga ile ya mbele kabisa. Wewe utasimama nyuma yangu."

Siku ya majaribio tulipanga mstari kando ya stoo. Mwalimu Kombo alitukagua mmoja mmoja, akafunua midomo, akatazama meno, akabonyeza mashavu kama mnunuzi wa mbuzi mnadani. Aliyeshindwa tarumbeta alisogezwa kwenye tromboni, aliyeshindwa tromboni akasogezwa kwenye ngoma, na aliyeshindwa ngoma alirudishwa darasani akangoje kipindi cha hesabu. Tuliwaona wakirudi huko wameinamisha vichwa. Mstari ulikwenda polepole. Bena alikuwa mbele yangu, kama desturi, na nilimsikia akifanyisha midomo yake mazoezi kimyakimya.

Mwalimu akainua macho. "Wewe mrefu," akaninyooshea kidole mimi. "Njoo."

"Mwalimu, aanze Bena," nikasema.

Mstari mzima ukacheka. Yeye hakucheka. "Nimekuita wewe au Bena?"

Nikatoka. Tarumbeta ilikuwa ya baridi na nzito kuliko nilivyodhani, na ilinuka ile dawa. Nilikusudia kupuliza vibaya. Nasema kweli, nilikusudia. Lakini midomo yangu ilikuwa imeshafundishwa na Bena, na nilipoiweka tu, sauti ikatoka nzima, pana, ikagonga ukuta wa ofisi na kurudi. Kunguru wakaruka juu ya paa. Mwalimu Kombo akavua koti moja. "Tena," akasema. Nikapuliza tena. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na katikati ya furaha hiyo nikakumbuka nisifurahi sana, nikageuka kumtazama Bena.

Alikuwa amekwisha kunyoosha mikono yote miwili kupokea. Hapo kengele ikalia. Mwalimu mkuu alikuwa ameonya kwamba bendi isile hata dakika moja ya vipindi, basi Mwalimu Kombo akaichukua tarumbeta kwangu, akaipitisha juu ya mikono ya Bena, akaenda nayo stoo. "Wengine kesho," akasema.

Tulirudi nyumbani upepo ukitupiga usoni. Bena alitembea mbele. Tulipofika kwenye matuta ya bibi ndipo akauliza, "Ina uzito gani?" Nikamwambia ni kama kumbeba mtoto mchanga. Akatembea tena. Kisha akasema, "Usimwambie bibi. Akijua wewe umepewa mimi bado, atatutoa wote. Kesho nami napewa, itakuwa sawa." Nikaapa. Niliapa haraka kwa sababu nami nilikuwa naitaka kesho hiyo, si kwa ajili ya soksi tena.

Kesho haikumfikia. Jioni ile ile alianza kutetemeka, na kulipokucha alikuwa wa moto, pumzi inapiga filimbi kifuani. Mama alimpa dawa ya homa, akamfunika. Bibi akaja na kigoda, akakaa karibu na kitanda, akamtazama Bena, kisha akanitazama mimi. Akauliza lile swali alilouliza kila mmoja wetu alipougua, swali tulilolizoea kama salamu.

"Skola. Umepewa nini ambacho mwenzako hakupewa?"

Nyuma ya bibi, Bena alitikisa kichwa kidogo sana. Nikasema, "Sijapewa kitu, bibi."

Siku zilizofuata sikumbuki nilikula nini wala nilisoma nini. Nakumbuka pumzi yake tu. Niliihesabu pamoja na yangu. Nikivuta nyingi yeye anakohoa, au ndivyo nilivyoona, basi nikaanza kuvuta kidogokidogo, mpaka mwalimu wa darasa akaniuliza kama nami ninaumwa. Nilimkwepa Mwalimu Kombo. Siku moja alinikamata koridoni akasema ninafaa, nije kabla hajafunga majina, na nikamwona anatabasamu. Nikatimua mbio. Nilikuwa na maneno mawili mdomoni, na kila moja lingeniua kivyake: nikisema, nimemsaliti Bena na bendi imekwisha, nisiposema, Bena anakwisha.

Baba alikuwa safarini, akipakia mahindi. Mama alipoona midomo ya Bena imebadilika rangi hakungoja mtu. Alimfunga mgongoni kama mtoto mchanga, msichana mkubwa vile, akasimamisha gari la mahindi lililokuwa linaelekea mjini. Mimi na bibi tukafuata kwa miguu. Kwenye geti la hospitali bibi alisimama kupumzika, akashika nguzo, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba bibi yangu ni mzee na anaogopa. Hakuniuliza kitu. Ndipo ikanitoka.

"Tarumbeta, bibi. Niliipuliza mimi. Yeye alinyoosha mikono na hakupewa."

Nilingoja kofi. Bibi alikaza khanga yake kiunoni tu. "Tena ulianza wewe," akasema.

"Nilianza mimi."

Huko ndani mama aliposikia, alitaka kulia kwa hasira. "Mama, daktari amesema nimonia. Nimonia! Anachomwa sindano. Tarumbeta inaingiaje hapa?"

"Daktari atibu nimonia yake, mwanangu," bibi akasema. "Sijamzuia. Mimi nakwenda kutafuta kilichobaki."

Tukarudi Mollo, bibi mbele, mimi nyuma. Tulimkuta Mwalimu Kombo stoo, mlango uko wazi, ameketi anasugua ile ile tarumbeta, na harufu ya dawa imejaa chumba kizima. Bibi hakuingia. Alipiga magoti palepale kizingitini, akainamisha kichwa, akapiga makofi taratibu kama wanavyoamkia mama zetu mtu wanayemheshimu. "Mwapola mukwai, mwalimu."

Mwalimu akaruka juu. Kitambaa kikaanguka. "Shikamoo, bibi! Bibi, inuka, tafadhali inuka!"

Bibi hakuinuka. "Nina wajukuu pacha. Mmoja ulimpa hicho chombo, mwenzake hukumpa. Asiyepewa yuko hospitali. Nimekuja kuomba apewe."

"Mimi sikufanya kitu, bibi, Mungu ni shahidi. Kengele ndiyo ililia."

"Najua, baba. Sikuja kugomba."

Nilimwona Mwalimu Kombo anarudi nyuma mpaka ukutani. Jasho lilimtoka, na baridi ile. Nami nikayasoma hayo kwa namna yangu: hata mwalimu, mtu aliyesoma, anajua Bena anakufa. Nikakaa chini mchangani. Imenichukua miaka kuelewa kwamba maskini yule alikuwa anajiogopea mwenyewe. Alikuwa ameagwa kwao kwa hadithi zote wanazosimuliana watu wa mbali kuhusu Sumbawanga, kwamba kule wazee wakikasirika radi inapiga jua likiwaka. Sasa mbele yake kuna kikongwe cha Kifipa kimepiga magoti, kinapiga makofi na kunong'ona. Kwake ile haikuwa heshima hata kidogo.

"Chombo hakiruhusiwi kutoka nje ya shule," akasema, na kabla hajamaliza sentensi alikuwa ameshakifunga kwenye koti lake la pili. "Lakini nitakileta mwenyewe. Leo hii. Nakuja na baiskeli, bibi. Tusiwekeane kinyongo."

Mlangoni mwa wodi ya watoto alisimama nesi mnene, mikono kiunoni. "Hiyo nini?"

"Tarumbeta, sista," Mwalimu Kombo akasema.

"Naona ni tarumbeta. Imekuja kutazama mgonjwa gani?"

Bibi akasogea, akamwambia maneno machache kwa Kifipa. Nesi akanitazama mimi, akageuka akamtazama Bena kitandani, akarudi kwangu. "Ni pacha hawa?" Bibi akaitikia. Nesi akashusha mikono, akapisha njia. "Aguse tu," akasema. "Asipulize. Mmenisikia? Aguse, mwondoke nayo."

Alifuta kidomo cha tarumbeta kwa pamba yenye spiriti, yeye mwenyewe. Mama alikuwa ameketi upande wa kichwani, amekaza taya, hataki kumtazama bibi. Mimi ndiye niliyeambiwa niishike na kumpa, kwa kuwa mimi ndiye niliyepewa. Bena alikuwa amepungua mpaka macho yamekuwa makubwa. Alipoona ni nini, alijikokota akaketi. Nilimwekea mikononi. Mikono ilishuka kwa uzito, nikaishikilia kwa chini.

"Anza wewe," nikamwambia. Ulikuwa uongo, maana nilikwisha kuanza, lakini sikuwa na neno jingine.

Akaweka midomo. Akanitazama juu ya shaba. Nikajua atapuliza. Nilimjua. Nesi akasema, "Aguse tu, nimesema," na Bena akavuta pumzi yote aliyokuwa nayo, akapuliza.

Hakikutoka kitu. Hewa tu ilipita. Kisha kikohozi kikamshika, kikohozi ambacho sijawahi kukisikia tena kwa mtu, kikamkunja mara mbili, tarumbeta ikagonga chuma cha kitanda, mama akapiga ukelele. "Mmeniulia mtoto! Mmeniulia!" Nesi akatusukuma nje sote, akavuta pazia.

Koridoni nilisimama nimeikumbatia tarumbeta, nikazuia pumzi yangu. Niliizuia kabisa. Nilidhani nikimwachia zote, zitamtosha. Mwalimu Kombo alikaa kwenye benchi anasali kwa Kiarabu, midomo inakwenda mbio. Bibi alisimama ameegemea ukuta, na vidole vyake vilikuwa vinafungua na kufunga fundo la khanga, vinafungua na kufunga. Macho yakaanza kuniingia giza. Bibi akanikamata bega. "Vuta hewa, mtoto," akasema kwa ukali. "Vuta! Yako ni yako."

Hakuwahi kuniambia hivyo kabla, wala hakurudia baadaye. Nikavuta, nikalia kwa sauti. Nesi akachungulia kunyamazisha, akasema Bena ametoa makohozi mengi mno, kifua kimefunguka kidogo, amelala, na kwamba akituona tena na bati lile atatuitia mlinzi.

Homa ilishuka siku zilizofuata. Mama alisema ni sindano. Bibi hakubishana naye, alisema tu kwamba sindano mtoto alikuwa anachomwa tangu mwanzo. Walinuniana mpaka mavuno ya ulezi.

Mwalimu Kombo alituandika wote wawili bila kutujaribu tena, na kila alipomwona bibi yangu njiani alimwamkia kwa mbali, akavuka upande wa pili. Kifua cha Bena hakikuweza tarumbeta. Alipewa matoazi, na katika nyimbo nyingine alisimama muda wote akingojea kuyagonga mara moja tu mwishoni. Hakulalamika. Ila kila mara kabla ya kupiga, Chala, Namanyere, popote, nilimpa kwanza tarumbeta yangu. Alipuliza sauti yake ndogo ya panya aliyebanwa mlangoni, watu wakacheka, akanirudishia. Ndipo nami nikapiga. Siku ya harusi yake kanisani alinyoosha mikono kutoka ndani ya shela, akapuliza, rangi ya mdomo ikabaki kwenye kidomo, nikapiga nayo hivyo hivyo. Tulishamweleza mumewe asishangae.

Masika yaliyopita kifua kilimrudia. Safari hii hospitali ilikuwa kubwa zaidi na dawa nyingi zaidi, na bibi hayupo siku nyingi. Kwa desturi ya nyumba yetu, Bena alianza.

Tulimzika Mollo. Alikuwa anafundisha pale pale shuleni kwetu, na watoto wa bendi walikuja na soksi nyeupe zilizolowa tope. Binti yake, Agnesi, ndiye anayepiga tarumbeta ya mbele kabisa siku hizi. Aliileta kwangu kwa mikono yote miwili. Ilikuwa imetoka kusuguliwa asubuhi ile, na harufu ya dawa ilishinda hata harufu ya udongo. Nikaipokea. Mimi nikasimama nayo tu.

"Mama mkubwa," Agnesi akaninong'oneza, "unangoja nini?"

"Namngoja aanze."

Hakuna aliyecheka. Upepo ulikuwa unapiga maua ya plastiki, na mimi nikamsikia bibi waziwazi, amekaa kwenye kigoda chake, ananiuliza swali lake. Skola, umepewa nini ambacho mwenzako hakupewa? Safari hii jibu nilikuwa nalo, na nchi nzima hapakuwa na mtu wa kwenda kumpigia magoti ili naye apewe.

Nikainyoosha tarumbeta juu ya kaburi, kidomo kikielekea chini, nikaishikilia hapo kwa muda ambao Bena angehitaji. Kisha nikaifuta, nikavuta hewa yangu, nikaanza mimi.